Waliomkataa Moi walikuwa wengi: kura ya Kenya ya 1992 iliyogawanyika mara tatu

Tarehe 4 Januari 1993 Daniel arap Moi aliapishwa kuiongoza Kenya kwa muhula mwingine. Siku sita kabla ya hapo, Desemba 29, Wakenya walikuwa wamepiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu 1963, na katika kila wapiga kura kumi, zaidi ya sita walimkataa. Moi alipata takriban asilimia 36. Kenneth Matiba wa FORD-Asili alipata 26, Mwai Kibaki wa DP (Democratic Party) 19, na Jaramogi Oginga Odinga wa FORD-Kenya 17. Wagombea wengine wanne waligawana makombo ambayo kwa pamoja hayakufika asilimia moja.

Kwa miaka mingi kisa hiki kimesimuliwa kama kisa cha tamaa. Matiba hakutaka kumpisha Jaramogi, Jaramogi hakutaka kumpisha Matiba, Kibaki hakutaka kumpisha yeyote, na wafuasi wao wakafuata kabila. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kwamba tamaa ilikuwepo, sikatai. Ninachokataa ni kumtwika mpiga kura lawama hiyo. Nimezipitia hesabu za uchaguzi ule mkoa kwa mkoa, na kila nikizirudia naona watu waliodaiwa na kanuni ya uchaguzi jambo lisilowezekana: kila mtu, akiwa pale kijijini kwake, abashiri ni nani katika nchi nzima anayeweza kumshinda Moi, kisha amwache anayempenda amfuate huyo. Hiyo ndiyo kura ya kimkakati. Wengine huiita kura ya kichwa badala ya kura ya moyo. Mwaka 1992 kichwa hakikuwa na cha kushika.

Nyumba mbili za FORD

Kipengele cha 2A, kilichotiwa katika Katiba mwaka 1982, kilikuwa kimeifanya KANU, chama cha Moi, kuwa chama pekee halali. Julai 1990 Matiba na Charles Rubia walikamatwa kabla ya mkutano waliokuwa wameuitisha katika uwanja wa Kamukunji, na siku ya Saba Saba ikaishia kwa vifo. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, wazee sita wakaunda FORD (Forum for the Restoration of Democracy), vuguvugu la kudai vyama vingi: Jaramogi, Masinde Muliro, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Bamahriz wa Mombasa. Novemba wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya. Desemba, pale Kasarani, Moi akawatangazia wajumbe wa KANU kwamba 2A inaondoka.

Ukiitazama orodha ile ya wazee sita utaona walichokuwa wamekishika mikononi. Nyanza, Magharibi, Ukambani, nchi ya Wakikuyu na Pwani, wote meza moja. Watu walisalimiana kwa vidole viwili barabarani, ishara ya vyama viwili, na jogoo wa KANU akawa anajibiwa kwa ishara hiyo kila mahali.

Haikudumu. Kibaki alijiuzulu serikalini siku ya Krismasi 1991 na kuanzisha DP, chama cha taa. Matiba alirudi kutoka matibabu London Mei 1992 na kupokewa na umati uliomfanya aone, na si bila sababu, kwamba nchi inamtaka yeye. Muliro, ambaye wengi walimtegemea kuwa daraja kati ya pande hizo, alifariki Agosti mwaka huo. Kufikia Oktoba kulikuwa na FORD mbili zilizosajiliwa: ya Jaramogi, iliyokuwa na makao Agip House, ikawa FORD-Kenya yenye alama ya simba, ya Matiba na Shikuku, ya Muthithi House, ikawa FORD-Asili.

Kuna jambo hapa ambalo husahaulika. Sehemu kubwa ya ugomvi wa Agip na Muthithi ilikuwa juu ya namna ya kupiga kura. Upande wa Matiba ulitaka mgombea wa urais achaguliwe moja kwa moja na wanachama wote. Upande wa Jaramogi ulitaka achaguliwe na wajumbe. Kila upande ulijua kanuni ipi ingempa mtu wao ushindi. Chama kilichokuja kuiondoa KANU kilivunjikia kwenye swali la jinsi ya kuhesabu wanachama wake, miezi michache kabla ya nchi nzima kukwamia kwenye swali lilelile.

Juhudi za kuwaunganisha hazikukosekana. Viongozi wa makanisa walijaribu, na Wangari Maathai na wenzake waliokuwa katikati walizunguka kati ya kambi hizo wakiomba apatikane mgombea mmoja. Hakupatikana. Basi kazi ile waliyoshindwa wazee kwenye meza moja ikaachiwa mamilioni ya watu kwenye foleni, bila meza na bila mazungumzo.

Aliyoyaona mpiga kura

Tuufungue Mkoa wa Magharibi kwanza, kwa sababu ndio unaovunja ile hadithi ya kabila. Hakuna Mluhya aliyekuwa miongoni mwa wale wanne wakubwa. Matokeo yalikuwa takriban hivi: Moi 41, Matiba 36, Jaramogi 18. Matiba, mtu wa Murang'a, alipata zaidi ya theluthi ya kura za Uluhyani, kwa sehemu kubwa kwa nguvu ya Shikuku wa Butere. Jaramogi alikuwa na Michael Wamalwa Kijana miongoni mwa makamu wenyeviti wake, na alirithi heshima iliyokuwa imebaki ya Muliro. Watu walivuka kabila, na kura yao ikapasuka vilevile. Matiba na Jaramogi kwa pamoja walimpita Moi kwa zaidi ya pointi kumi katika mkoa ule, lakini kwenye karatasi za matokeo Magharibi iliandikwa kuwa ya Moi.

Sasa mfikirie mama mmoja wa Bungoma mjini, muuza nafaka, asubuhi ya Desemba 29. Anataka Moi aondoke. Redio nchini ni moja, KBC, na ni ya serikali. Hakuna kura za maoni za kuaminika. Alichonacho ni macho yake: mikutano aliyoihudhuria, mabango ya simba sokoni, maneno ya wateja. Pale alipo, simba yuko hai. Anaipiga kura FORD-Kenya akiamini kabisa kwamba hiyo ndiyo kura ya kumwondoa Moi.

Mhamishe mama huyo hadi Machakos au Meru. Katika Mkoa wa Mashariki Kibaki alipata takriban nusu ya kura zote, Moi 37. Anayetaka Moi aondoke, akitazama pembeni yake, anaiona taa. Mpeleke Kisumu: katika Nyanza Jaramogi alipata kama robo tatu ya kura. Mpeleke Nairobi: Matiba aliongoza kwa takriban asilimia 44, na katika Mkoa wa Kati alipata karibu 60. Popote utakapomweka anafanya jambo la busara, na popote utakapomweka busara hiyo inamwambia jina tofauti.

Mara nyingi tunasema wapinzani wa 1992 walipiga kura kwa moyo wakati walitakiwa kupiga kwa kichwa. Hesabu za mikoa zinaonyesha kwamba mtu wa Kisumu, wa Machakos na wa Kariobangi, Nairobi, wote walipiga kwa kichwa, kila mmoja kwa kadiri alivyoweza kuona. Kura ya kimkakati inahitaji habari za nchi nzima, na habari hizo zilipatikana baada ya masanduku kufunguliwa, wakati hazina kazi tena. Ukitaka mpiga kura apange mkakati, mpe kwanza ramani ya vita. Ramani hiyo ilikuwa kwa Moi peke yake, kwa sababu machifu na wakuu wa wilaya walikuwa wake kila kata ya nchi.

Mikoa mitano

Mwaka huo Katiba ilikuwa imebadilishwa na kuwekwa sharti jipya: mshindi wa urais awe na kura nyingi kuliko wengine, na pia awe na angalau asilimia 25 katika mikoa 5 kati ya 8. Asipopatikana wa namna hiyo, wawili wa juu waende duru ya pili. Ukilisoma haraka utadhani ni kinga dhidi ya rais wa kabila moja, na lilielezwa hivyo. Lakini litazame kwa jicho la mtu anayetaka kutumia kura yake kimkakati.

Moi alivuka 25 katika Bonde la Ufa, Pwani, Kaskazini Mashariki, Mashariki na Magharibi. Mitano, bila wa akiba. Nairobi alipata kama 16, Nyanza chini ya hapo, Mkoa wa Kati 2 hivi. Matiba alivuka 25 katika mikoa mitatu, Kibaki miwili, Jaramogi mmoja.

Kura inayohama kutoka kwa Kibaki kwenda kwa Matiba haipunguzi hata nukta moja ya fungu la Moi. Yule wa Meru angemfuata Matiba, yule wa Bungoma angemfuata Matiba, na Moi angebaki na 37 yake Mashariki na 41 yake Magharibi. Kwa hiyo sharti la mikoa mitano halikuweza kuguswa kamwe na kura ya kimkakati ya wapinzani. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kumshinda Moi kwa idadi, na hapo Matiba, aliyekuwa wa pili, alihitaji kuongezewa zaidi ya kura nusu milioni. Kibaki na Jaramogi kwa pamoja walikuwa na karibu milioni mbili. Yaani zaidi ya mmoja katika kila wapiga kura wanne wao, bila kuwasiliana, bila redio huru, wangetakiwa wote kumchagua mtu mmoja yuleyule wa kukimbilia. Na kama hao waliohama wangekuwa wamekusanyika sehemu moja ya nchi, Matiba bado asingefikisha mikoa mitano, wangerudi tu kwenye duru ya pili.

Duru ya pili. Kama ingekuwepo tangu mwanzo kwa yeyote asiyefikisha nusu ya kura, hakuna ambaye angehitaji kubashiri chochote Desemba 29. Yule mama wa Bungoma angempigia Jaramogi kwa amani, kisha wiki chache baadaye angeulizwa swali la pili lililo wazi: Moi au Matiba?

Je, Matiba angeshinda duru hiyo? Siwezi kuapa. Katika Nyanza wapo ambao jina la Matiba lilikuwa limewakaa vibaya baada ya kuvunjika kwa FORD, na wengine wangebaki nyumbani. Kibaki na Matiba walikuwa na historia yao katika Mkoa wa Kati. Tena uchaguzi wenyewe haukuwa uwanja tambarare. Mamia walikuwa wameuawa na maelfu kufukuzwa makwao katika mapigano ya Bonde la Ufa ya 1991 na 1992. Baadhi ya wagombea wa upinzani katika mkoa huo walizuiwa kwa nguvu kufikisha karatasi zao za uteuzi, na wa KANU wakapita bila kupingwa. Tume ya uchaguzi iliteuliwa na mgombea mmojawapo. Vijana wengi waliofikia umri hawakupata vitambulisho. Na pesa zilimwagwa hadi noti mpya ya shilingi 500 ikabatizwa jina na wananchi wenyewe: waliiita "Jirongo", kwa jina la mwenyekiti wa YK'92, kundi la vijana la kumpigia Moi debe. Kanuni bora ya kuhesabu haiwezi kumlinda mtu aliyechomewa nyumba mwezi mmoja kabla ya uchaguzi.

Bado, hata baada ya vitisho na pesa zote hizo, Moi alipata 36 tu. Wizi haukumpa wingi, na kanuni ndiyo iliyomwambia kwamba wingi hauhitajiki.

Bungeni hali ilikuwa ileile kwa sura nyingine. Kati ya viti 188 vya kuchaguliwa, KANU ilipata 100, FORD-Kenya 31, FORD-Asili 31, DP 23, na vyama vidogo vitatu kimoja kimoja. Kwa wabunge 12 wa kuteuliwa na rais, KANU ikafika 112. Sehemu ya jambo hili ni mgawanyiko wa kura ndani ya maeneo bunge, ambako jogoo alipita katikati ya simba na taa. Sehemu nyingine ni mipaka: Nairobi ilikuwa na viti 8 na Kaskazini Mashariki 10, ilhali kura zilizopigwa Nairobi zilizidi za Kaskazini Mashariki mara kadhaa.

Somo la kwanza, na kilichofuata

Mwaka 1997 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wagombea 15 wa urais, Maathai mwenyewe akiwa mmoja wao. Moi akashinda kwa takriban asilimia 40, Kibaki 31, kisha Raila Odinga, Wamalwa na Charity Ngilu wakagawana sehemu kubwa ya iliyobaki. Bungeni KANU ilipata viti 107 kati ya 210.

Mwaka 2002 wanasiasa walijifunza. Kibaki, Wamalwa na Ngilu walikuwa wameshaungana, na baada ya Moi kumteua Uhuru Kenyatta kuwa mrithi, Raila na wenzake wakatoka KANU. Oktoba 14, Uhuru Park, Raila akatamka maneno mawili ambayo kila Mkenya wa umri wangu anayajua: Kibaki tosha. Desemba Kibaki akapata takriban asilimia 62. Maneno yale mawili yaliwapa wapiga kura habari waliyoikosa 1992. Mtu wa Kisumu hakuhitaji tena kubashiri mtu wa Meru atafanya nini.

Lakini ona gharama yake. Kwa kuwa kanuni haikutoa njia ya kuunganisha kura baada ya kupigwa, ilibidi kuunganisha vigogo kabla, kwa mkataba wa maandishi wa kugawana vyeo ambao hakuna mahakama ingeweza kuusimamia. Mkataba ule ulivunjwa. Kufikia kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 serikali ilikuwa imegawanyika pande mbili, na uhasama uliozaliwa pale ukaingia nao 2007. Mwaka huo tume ilimtangaza Kibaki mshindi kwa tofauti ya takriban kura 232,000, naye hakufikisha nusu; Kalonzo Musyoka, wa tatu, alikuwa na karibu 880,000. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tume ya Johann Kriegler ilipochunguza ikasema haiwezekani tena kujua nani alishinda. Sidai kwamba duru ya pili ingezuia umwagaji damu ule. Penye daftari lililochezewa, hata duru tatu hazisaidii. Ninachosema ni kwamba kwa mara ya tatu katika chaguzi nne, mtu aliapishwa bila nusu ya nchi, safari hii gizani, na waliobaki wakaambiwa waende mahakamani.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ililikata jambo hilo kwa upande wa urais. Mshindi sharti apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Asipopatikana, wawili wa juu warudi kwa wananchi ndani ya siku 30. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, akivuka mstari kwa kura kama 8,000 katika zaidi ya milioni 12, na Mahakama ya Juu ikalazimika kuamua kama kura zilizoharibika zinahesabiwa katika jumla au la. Ikasema hazihesabiwi. Mwaka 2022 William Ruto alipata 50.49. Duru ya pili haijawahi kufanyika hata mara moja, na baadhi ya watu huchukulia kwamba basi haina kazi. Mimi naona kinyume. Mlango wa dharura haupimwi kwa idadi ya mara uliotumika. Hata hivyo nakubali kwamba vigogo wameendelea kuungana mapema, na wafuasi wa wagombea wadogo bado huambiwa kila uchaguzi wasipoteze kura, tumalize raundi ya kwanza. Hofu ya 1992 imepungua, haijaisha.

Majirani wengine walikwenda upande wa pili. Tanzania iliondoa sharti la zaidi ya nusu ya kura za urais katika marekebisho ya 13 ya Katiba, mwaka 2000. Kongo ilikuwa na duru mbili mwaka 2006, ikaifuta ya pili Januari 2011. Joseph Kabila akashinda mwaka huo kwa takriban asilimia 49 mbele ya upinzani uliogawanyika, na mwaka 2018 Félix Tshisekedi akatangazwa rais kwa 38 na kidogo. Anayeshika dola anajua thamani ya wapinzani watatu kuliko wanavyoijua wapinzani wenyewe.

Karatasi ya mbunge

Katiba ya 2010 iliacha jambo moja lilivyokuwa, na ndilo lililonifanya niandike. Mbunge wa Kenya, seneta, gavana na mwakilishi wa wadi bado wanachaguliwa kwa kanuni ya 1992: anayewapita wengine, hata kwa kura moja, hata kwa theluthi au robo ya kura, ameshinda. Tume ya kurekebisha Katiba ya Yash Pal Ghai ilipendekeza mwaka 2002 mfumo mchanganyiko ambao ungelinganisha viti na kura za vyama. Pendekezo hilo lilianguka njiani.

Nenda eneo bunge lolote lenye wagombea kumi na utakuta 1992 imejikunja humo. Ukoo mmoja mkubwa unasimamisha mtu mmoja, koo nyingine tano zinasimamisha mtu mmoja mmoja, na kila mtu anajua mwisho wake. Wiki za mwisho kabla ya uchaguzi hutumika kununua wagombea wajitoe, au kununua wagombea wasijitoe. Watu husema siasa zetu zimeharibiwa na ukoo. Kanuni inayomlipa anayeshikilia ukoo wake kwa nguvu na kuwagawa wengine, ndiyo inayoukuza ukoo.

Papua New Guinea, nchi yenye lugha zaidi ya 800, iliishi na tatizo hili hadi wabunge wengine wakaingia kwa chini ya asilimia 10 ya kura. Kuanzia uchaguzi mkuu wa 2007 mpiga kura wa huko huandika chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Aliye mkiani anaondolewa, kura zake zinakwenda kwa chaguo linalofuata, hadi mmoja apite nusu ya kura zilizobaki. Ghasia na rushwa za uchaguzi hazikwisha kule, na haifai kudanganya kuhusu hilo. Kilichobadilika ni kwamba mgombea ana sababu ya kwenda kwenye kijiji cha mwenzake na kuomba: mpigieni wenu kwanza, lakini mimi nifanyeni wa pili.

Kipingamizi kizito kwa Kenya ni cha kuhesabu, na nakiheshimu. Tangu 2002 kura zinahesabiwa kituoni, mbele ya mawakala, na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2017 hesabu ya kura za urais iliyofanywa kituoni ndiyo ya mwisho. Ile fomu ya 34A, ya matokeo ya urais ya kituo, iliyobandikwa mlangoni imelipiwa gharama kubwa. Mfumo wowote unaohitaji karatasi za kura zisafirishwe zikahesabiwe mahali pengine utarudisha wizi wa barabarani, na hakuna Mkenya mwenye akili atakayeukubali.

Lakini kuhesabu kwa chaguo hakulazimishi kusafirisha. Tuseme mpiga kura anaruhusiwa kuandika la kwanza na la pili tu. Mwaka 2022 wagombea wa urais walikuwa wanne. Kila kura halali ingeangukia katika moja ya mafungu 16: jozi 12 za wa kwanza na wa pili, na manne ya walioandika jina moja tu. Mafungu 16 yanahesabika mezani usiku huohuo, yanaandikwa kwenye fomu moja yenye mistari 16, yanabandikwa mlangoni, na mwenye simu anayapiga picha. Ukijumlisha fomu zote unawajua wawili wa juu, na unajua papo hapo kila aliyempigia mwingine alimtaja nani wa pili kati ya hao wawili, kama alimtaja. Wagombea wakiwa wanane mistari ni 64. Wakiwa kumi, mia. Ni kazi ya usiku mrefu kwa karani, sikatai, lakini karani wa kituo cha Kenya sasa hivi anahesabu karatasi sita tofauti za vyeo sita.

Kwa ubunge njia hii ni nafuu kuliko kuitisha duru ya pili katika maeneo bunge 290. Na haiguswi na bahati ya nani amejulikana kuwa wa pili kabla ya uchaguzi, kwa sababu swali la pili linaulizwa pamoja na la kwanza.

Yapo yatakayobaki bila tiba. Allan Gibbard mwaka 1973 na Mark Satterthwaite mwaka 1975 walithibitisha kwa hisabati kwamba penye wagombea watatu au zaidi hakuna njia ya kumchagua mmoja isiyoacha kabisa nafasi ya mpiga kura kufaidika kwa kuficha anachokitaka, isipokuwa ile ya kumwachia mtu mmoja aamue. Kwa hiyo anayeahidi mfumo usio na kura ya kimkakati anauza upepo. Tunachoweza kufanya ni kupunguza mzigo. Chini ya kanuni ya 1992 yule mama wa Bungoma alihitaji kujua nia za wapiga kura zaidi ya milioni tano. Chini ya kura ya chaguo mbili angehitaji kujua yaliyomo moyoni mwake: kwanza Jaramogi, na kama siye, Matiba.

Agosti 2027 Wakenya watapewa tena karatasi sita. Ile ya rais ina duru ya pili nyuma yake. Ile ya mbunge itakuwa na majina, picha, alama za vyama, na nafasi ya kutia alama moja.